Utepe wa Njano Chini ya Zulia

Tulipong'oa zulia la korido, wiki chache baada ya arobaini ya Mama, tuliukuta utepe. Ulikuwa kipande cha njano kisichozidi urefu wa mkono wangu, kimekauka na kujikunja ncha, na gundi yake imegeuka ungaunga wa kahawia juu ya mbao. Mume wangu alitaka kuukwangua kwa kisu, maana nyumba ilitakiwa irudishwe kwa mwenyewe ikiwa safi. Nikamwambia auache kwanza. Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi, mtu mzima na miaka yangu, nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Kicheko kikaisha, machozi yakaendelea.

Tuliishi wawili tu, Mama na mimi, juu ya duka la mboga huko Kingsbury, upande wa kaskazini-magharibi mwa London. Baba alikuwa amebaki Tanga kwa muda, na ule muda haukuisha. Duka lilikuwa la Mzee Jayanti, Mhindi aliyezaliwa Tanga hiyo hiyo, na Kiswahili chake kilinishinda mimi niliyezaliwa na mama Mswahili. Nilimwita Babu. Alinilea kila Mama alipokuwa kazini, nikifanyia homuweki juu ya magunia ya mchele huku harufu ya mihogo, bamia na ubani ikinipanda kichwani. Hadi leo nikisikia harufu ya gunia naikumbuka hesabu ya kugawanya, na bado siipendi.

Nyuma ya duka, chini kidogo, ilipita reli. Watu wa nje hudhani treni ya chini ya ardhi iko chini ya ardhi. Ya kwetu ilipita mchana kweupe, kati ya bustani za watu na kamba za nguo, na haikuzama mpaka ifike Finchley Road. Mimi nilikuwa na maelezo yangu: niliamini treni huingia chini kukwepa baridi ya mjini, na kwamba huku kwetu, kwa vile kuna watu wanaojuana, haina haja ya kujificha.

Babu Jayanti aliipenda reli ile kuliko duka lake. Baba yake alikuwa karani wa reli Tanga, kwa hiyo habari za reli alizieleza kama mtu anayeeleza ukoo wake. Aliniambia huku akipima bamia kwamba reli yetu imeolewa mara mbili. Mume wa kwanza ndiye aliyeileta huku wakati kukiwa na mashamba na ng'ombe, akaijenga kwanza na kuwasubiri watu waifuate. Watu wakaja, wakajenga, wakazidi, yule mume akashindwa kuwafikisha mjini. Ikaozwa laini ya rangi ya kahawia. Ikakaa huko miaka na miaka, hadi lilipochimbwa handaki jipya chini ya katikati ya jiji, ikapewa jina lake yenyewe, Jubilee, na rangi ya fedha kwa heshima ya malkia aliyetimiza miaka ishirini na mitano kwenye kiti. Nilimuuliza kama ilikuwa na watoto. Akafikiri sana, kisha akanijibu kwamba watoto ni sisi tunaopanda.

Nami nilikuwepo reli ile ilipokua. Zamani ilikuwa ikiishia Charing Cross. Wakachimba upya kwenda mashariki, wakapita chini ya mto mara nne, wakajenga vituo vyenye dari ya juu kama ya msikiti mkubwa, na pembeni mwa majukwaa wakaweka ukuta wa vioo wenye milango. Treni inapowasili, milango yake na ya kioo hufunguka pamoja, mmoja mbele ya mwenzake. Mara ya kwanza kuiona nilikataa kuondoka, ikabidi Mama anivute. Niliyaonea huruma yale majukwaa yetu ya Charing Cross yaliyoachwa, yamebaki na taa na vigae bila abiria hata mmoja. Lakini mbele ya ile milango ya vioo nilisahau huruma yangu mara moja.

Mama naye alianzia kwenye jukwaa la kituo kimojawapo kati ya hivyo vipya. Kazi yake ilikuwa kusimama na kile kirungu cheupe, kukinyanyua watu wakishaingia ili dereva ajue aondoke, na kuwaambia wasukumanao wasogee ndani. Alisimama hivyo miaka miwili akiwatazama madereva wakipita mbele yake, kisha siku moja akaomba awe dereva. Wanawake madereva walikuwepo, ila wa kuhesabika, na mwenye ushungi alikuwa yeye peke yake katika darasa lao. Ushungi wenyewe aliufunga kwa nyuma, akauingiza ndani ya kola ya sare, nadhifu kabisa.

Habari hiyo tuliijua watu watatu: yeye, mimi na Babu Jayanti. Jumapili kulikuwa na kisomo cha akina mama wa pwani nyumbani kwa Bi Mwanaidi, Wembley, na pale ndipo habari zote za London zilipopimwa. Bi Mwanaidi alikuwa mkubwa wetu bila kuchaguliwa na mtu. Alijua nani kaposwa, nani karudishwa, na nani kanunua kochi jipya akasema ni la kupewa. Mama alimpenda, na alimwogopa. Alinikalisha kitandani akaniambia jambo hili lisitoke nje ya nyumba mpaka liwe limekuwa, kwa sababu macho ya watu yapo, na yeye hakuwa na nafasi ya tatu.

Nafasi ya kwanza ilikuwa imeshaharibika. Siku ya mtihani alivuka alama ya kusimamishia treni kwa hatua mbili kwenye kituo chenye vioo. Milango ya treni ikaangalia ukuta, na milango ya kioo ikaangalia treni. Abiria wakamtazama kupitia vioo viwili, yeye na mkaguzi pembeni yake. Akapewa mara ya pili. Akishindwa hiyo, angerudi kwenye kirungu chake.

Ndipo ukaja utepe. Mama alisema kosa lake halikuwa la macho, lilikuwa la shingo. Alikuwa anaikaba treni ghafla, na treni yenye watu elfu moja haikabwi, inatuliwa. Akakumbuka kwamba utotoni kwao aliwahi kutua ndoo za maji kutoka kichwani kila siku bila kumwaga tone. Akakata utepe wa njano, akaubandika kwenye mbao mwisho wa korido, akajitwika ndoo iliyojaa, akaanza kutembea kutoka mlango wa jikoni. Kazi ilikuwa kufika vidole vya miguu vikigusa utepe, visiupite wala visiupungukie, na maji kichwani yatulie kama yaliyomo mtungini.

Nilikuwa namtazama kutoka mlango wa chumbani, nimekunja magoti. Alikuwa amevaa kanga na soksi za kazini. Alitembea upesi, kisha kama hatua sita kabla ya utepe mwili wake ulianza kupungua, kwanza mabega, halafu kiuno, halafu magoti, na alipofika alikuwa amekwisha simama kabla ya kusimama. Sijui kulieleza vizuri zaidi ya hapo. Nimeona watu wengi hodari katika maisha yangu, na bado sijaona kitu kizuri kama mama yangu akisimama mbele ya ule utepe.

Si kila siku ilikuwa hivyo. Jioni ya kwanza ndoo ilimponyoka, maji yakapenya mbao yakamdondokea Babu Jayanti juu ya magunia yake. Alipanda ngazi akihema, akasikiliza maelezo, akatazama utepe, akatazama ndoo. Alisema tu kwamba baba yake asingeamini, akashuka akaanika mchele.

Siku tatu kabla ya mtihani, nikitaka kumfurahisha, nilipiga deki korido. Utepe ukang'oka. Nikaubandika tena kwa kukisia, nikaukandamiza kwa kisigino, nikajiambia ni pale pale. Mama akarudi, akajitwika ndoo, akatembea. Nilimwona akisita mara moja, kisha akafanya kama kawaida. Usiku nilipima kwa shubiri nikaona alama ya gundi ya zamani iko mbali na utepe. Nikanyamaza. Nilikuwa na miaka tisa, na nilijua kabisa ninachokinyamazia.

Mtihani ulikuwa Jumamosi. Babu aliambiwa na Mama kwamba treni yake ingepita Wembley Park ikielekea huku kwetu karibu na saa sita mchana. Akamwachia mwanawe duka, akavaa koti zuri, akanichukua. Tukaenda stesheni hiyo moja, tukasubiri. Magoti yalimlazimisha kukaa kwenye benchi la katikati. Mimi nilikimbia hadi ncha ya jukwaa, mahali ambapo kichwa cha treni husimama.

Hapa lazima nieleze nilivyokuwa naelewa mambo. Mama alikuwa na kawaida ya kusema "treni yangu leo ilikuwa na kelele", au "treni yangu leo ilijaa". Nikaelewa kwamba kila dereva ana treni yake, kama Babu alivyo na gari lake, analiosha na kulilaza. Na ya Mama ilikuwa bado ya majaribio. Akifaulu, wangempa moja kwa moja.

Treni ikaja. Nilimwona kwenye kioo cha mbele, uso umekaza, mkono uko kwenye breki. Ikasimama laini kabisa mbele yangu. Mlango wa chumba cha dereva ukafunguka. Akashuka mwanamume mwenye makaratasi. Akafuata Mama, ameinama, anaokota mkoba wake, hakunitazama. Mwanamume mwingine, mnene, aliyekuwa anasubiri pembeni yangu na chupa ya chai, akasemezana naye maneno mawili, akapanda, akafunga mlango. Mama akaondoka na yule wa makaratasi kuelekea ofisini, ameinamisha kichwa.

Wamemnyang'anya. Hilo ndilo lililonijia, na la pili lilikuwa utepe.

Babu alikuwa ananipungia nimkimbilie tupande haraka. Tukapanda treni ile ile. Alikuwa amemwona Mama akipita na treni mbele ya benchi, kisha watu walioshuka wakamziba, hakuona kingine. Njia nzima abiria aliyekuwa amekaa jirani yetu alisimuliwa kwamba mama wa mtoto huyu ndiye anayetuendesha, sikia breki yake, utadhani tunapelekwa kwa kubebwa. Yule abiria akanipongeza. Mimi nilitazama viatu vyangu. Breki ya yule mwanamume ilikuwa inakwaruza, na ni mimi peke yangu niliyejua kwa nini.

Dukani tulimkuta Bi Mwanaidi akichagua mihogo. Babu akaingia nyuma ya kaunta kumpokea mwanawe. Bi Mwanaidi aliniinua kidevu, akaniuliza nani kaniliza. Nilishikilia mpaka hapo, nikashindwa.

"Mama kanyang'anywa treni."

"Treni gani tena?"

Nikamwaga yote: mtihani, ndoo, yule mwanamume mnene. La utepe nililibakiza. Bi Mwanaidi aliiweka mihogo chini. Babu, aliyekuwa na wateja, hakutusikia, na siri ya Mama hakuitoa yeye, kwa vile kwake hayo yalikuwa ya ndani. Alinishika mkono tukapanda ngazi, akaivuta simu yetu, akaanza kupiga.

Ilipofika alasiri nyumba ilikuwa imejaa. Walitoka Wembley, Harlesden, mmoja alikuja na basi mbili kutoka Edmonton akiwa bado na sare ya kutunzia wazee. Walileta sufuria za pilau, mikate ya kumimina, thamosi za chai. Walitandika mkeka, wakakaa kimya, wakanilaza kichwa mapajani. Hakuna aliyemlaumu Mama kwa kuficha. Walisema tu kwamba masikini, kabeba mwenyewe. Niliona wema ambao Mama alikuwa ameuogopa kumbe ulikuwa mlangoni siku zote, na nikazidi kulia kwa kuwa ni mimi niliyesababisha.

Nilizisikia hatua zake ngazini. Nilizijua. Alikuwa anapanda mbilimbili, upesi, kisha akakoma katikati.

Ilinichukua miaka kuelewa alichokiona pale. Nje ya mlango wetu, ngazi tatu za juu, palikuwa na viatu vya wanawake zaidi ya ishirini. Kwetu viatu vingi mlangoni bila sauti ya nyimbo vina maana moja. Na ndani ya nyumba ile, ukimtoa yeye, alikaa mtu mmoja tu.

Mkoba ukaanguka ngazini. Mlango ukasukumwa. Mama yangu, ambaye hakuwahi kuvuka mkeka na viatu, aliukanyaga na buti zake za kazi, akapita juu ya magoti ya watu, macho yakitafuta chini chini. Aliponiona alinishika uso kwa mikono miwili, akaubonyeza, akanigusa kichwa, shingo, mabega.

"Yupo," alisema, kama anamwambia mtu aliye nyuma yake. "Yupo." Kisha akakaa juu ya sahani ya mikate.

Hakuna aliyecheka. Bi Mwanaidi ndiye aliyezungumza, kwa upole wa msibani.

"Halima, tumekuja kukupa pole."

"Pole ya nini?"

"Ya treni."

Mama alimtazama, akanitazama mimi, akatazama masufuria. Ikabidi nirudie mbele ya wote niliyoyaona. Alinisikiliza mpaka mwisho, bado amekalia mikate.

"Hakuninyang'anya mtu," alisema. "Zamu yangu imeisha. Mmoja anashuka, mwenzake anapanda, treni inakwenda. Tunapokezana pale kila siku."

"Na yule wa makaratasi?"

"Yule ndiye aliyenipasisha."

Bi Mwanaidi alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena. Alimuuliza Mama alikuwa anasubiri wao wajue lini, watakapokuwa abiria? Mama akainamisha kichwa akaomba radhi. Bi Mwanaidi alimwacha ainame kidogo, ili iingie, halafu akapiga kigelegele ambacho sijawahi kukisikia tena mahali popote. Wengine wakakipokea. Babu Jayanti akaja mbio na sanduku la vitamu vya ladu, akilalamika kwamba ameambiwa mwisho na hali alishuhudia kwa macho yake. Pilau ya pole ikaliwa kama ya harusi, tena ikabaki.

Nilimfuata Mama jikoni, nikamwambia la utepe. Alikuwa anaondoa mikate kwenye sketi.

"Najua," alisema. "Shubiri moja na kidole. Niliuona siku ile ile."

"Mbona hukusema?"

"Kila kituo kina alama yake. Ulinipa kituo kipya, nikajifunza na hicho."

Aliendesha treni miaka karibu ishirini. Nilipokuwa nikipanda behewa la mbele nilijua kama ni yeye kabla ya kutazama, kwa vile chai ya watu haikumwagika. Aliwajua wenzake kwa breki zao. Kila aliposhuka Wembley Park alimwambia anayempokea hali ya treni kwa maneno machache, iko sawa, mlango wa tatu mzito kidogo, na akaenda zake bila kugeuka nyuma. Nilidhani ni baridi ya moyo. Siku moja nilimuuliza kama haimsumbui kuiacha safari katikati. Alishangaa. Alisema safari si yake, yake ni kipande, na kipande chake anakiacha kikiwa kizuri. Zulia tulilinunua baadaye, alipopandishwa kuwa mwalimu wa wengine, na utepe ukabaki chini yake, hakuna aliyetaka kuung'oa.

Alipougua aliendelea kukaa pale pale juu ya duka, ingawa Babu alikuwa ameshatutoka na duka lilikuwa la mjukuu wake. Niliacha nyumba yangu nikahamia kwake. Asubuhi ile alikuwa na nafuu, akanywa uji, akanifukuza niende kazini nisimtazame kama saa ya ukutani. Jirani alikuwa naye. Saa tisa nikaitwa nirudi, bila kuambiwa jambo. Nilipanda treni yetu, ikatoka kwenye giza ikaingia mwangani Finchley Road, nikashuka Kingsbury, nikatembea.

Nilipofungua mlango wa chini niliviona viatu ngazini.

Nilisimama. Nawaambia kweli, nilitamani kuwe na mtoto mle ndani. Nilimwomba Mungu kuwe na mtoto wa miaka tisa aliyeona vibaya, akasema vibaya, akawaita watu wote hawa bure.

Bi Mwanaidi alitoka mpaka juu ya ngazi, na fimbo yake, mdogo kuliko nilivyomzoea. Aliniangalia muda mrefu.

"Hakunyang'anywa na mtu, mwanangu," alisema. "Zamu yake imeisha."

Nikavua viatu, nikaviweka kando ya vyao, nikapanda.